Foki ya Bei Nafuu ya Kuteremkia Milima: Kuikagua, Kuifungua na Kuirekebisha

Foki ya bei nafuu (uma wa mbele wa baiskeli wenye springi) ikianza kugonga mikono, au ikazama pua kila ukishika breki, mkono wa kwanza huenda kwenye nobu nyekundu, kile kitufe cha kuzungusha. Kliki mbili huku, tatu kule, na hakuna kinachobadilika. Foki nyingi za aina hii ugonjwa wao ni mafuta yaliyoisha miguuni, sili zilizokauka, springi iliyochaguliwa kwa uzito wa mtu mwingine, na krauni zilizokazwa kwa hasira. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio usiopendwa na wenye haraka: kagua, fungua, safisha, funga sawasawa, pima springi, na nobu iwe ya mwisho kabisa. Anayeanza na nobu anakuwa anapigana na msuguano bila kujua.

Maneno machache kwanza ili tuelewane. Mabomba ni yale mawili ya juu yanayong'aa. Miguu ni sehemu ya chini inayoteleza juu ya mabomba na kushika gurudumu. Krauni ni vibanio viwili, cha juu na cha chini, vinavyoyashika mabomba kwenye fremu. Mwendo ni urefu ambao foki inaweza kubonyea. Segi ni kiasi inachobonyea kwa uzito wako tu, kabla ya jiwe lolote. Ribaundi ni kasi ya kurudi juu, na kompresheni ni ukinzani wakati foki inabonyea. Dampa ndiyo mashine ya mafuta inayotawala hizo mbili. Sili ni mpira wa juu ya mguu unaozuia mafuta yasitoke, na bushi ni pete za ndani ya mguu ambamo bomba huteleza.

Foki ipi inastahili jasho lako

Mfano tutakaoushikilia ni RockShox BoXXer ya springi ya chuma, ile yenye mabomba ya milimita 35. Saizi hiyo ilianza na toleo la 2010, ikichukua nafasi ya milimita 32, na ikadumu mpaka toleo la 2024 lilipokuja na milimita 38. Mwendo wake ni milimita 200, uzito karibu kilo 3, springi iko mguu wa kushoto na dampa mguu wa kulia. Matoleo yake ya ngazi ya chini yana nobu chache, lakini kipenyo cha mabomba ni kilekile cha wakubwa, na sili na bushi zake bado zinauzwa. Hilo la vipuri ni kubwa kuliko nobu zote. Marzocchi 888, kwa mfano, ni foki tamu sana ya springi, ila upande wa baiskeli wa kampuni hiyo ulinunuliwa na Fox, kampuni nyingine ya foki, mwaka 2015, na vipuri vya matoleo ya zamani ni vya kuwindwa.

Jihadhari na foki zenye krauni mbili zilizotengenezwa kwa ajili ya sura tu. Zinafanana na za mashindano ukiziona kwa mbali, lakini ukisogea unakuta mabomba membamba, ekseli ya kawaida ya milimita 9 ya kufunga kwa kishikio, na ndani hakuna dampa: kuna springi na kipande cha mpira. Foki ya hivyo haina cha kurekebishwa. Kwa kuteremka kwa kweli, tafuta ekseli ya milimita 20, mabomba ya 35 au zaidi, mwendo wa kati ya 180 na 203, nobu ya ribaundi inayofanya kazi, na miguu inayofunguka kwa boliti mbili za chini. Nobu ya kompresheni ya kasi kubwa (ya mapigo ya ghafla) usiilipie. Kwenye foki za bei hii mara nyingi hutaona tofauti yake.

Kabla ya pesa kutoka mfukoni, hakikisha pia kwamba fremu yako inaikubali. Bomba la usukani la foki hizi ni la inchi 1 na 1/8, lililonyooka, hivyo fremu yenye kichwa kilichopanuka chini itahitaji kikombe cha beringi cha kupunguza. Si kila fremu imeruhusiwa kubeba krauni mbili. Mtengenezaji ndiye anayesema. Na habu (kitovu cha gurudumu): ekseli ya 20x110 ya zamani na ile ya kiwango kipya cha Boost zinafanana kwa namba, lakini diski ya breki inakaa mahali tofauti kwa takribani milimita 5, na kalipa (kibanio cha breki) haitaikuta.

Kuikagua mbele ya muuzaji

Nenda na tochi, kitambaa cheupe, spiriti kidogo na rula. Iwe umeipata kwenye baiskeli ya mtumba iliyoshuka kutoka Ulaya au umeiagiza kwa mtu, dakika kumi zinatosha.

Pangusa mabomba kwa spiriti, kisha pitisha ukucha polepole kuanzia juu ya sili hadi chini ya krauni, pande zote. Mkwaruzo unaouona lakini ukucha hauushiki si neno. Mkwaruzo unaoshika ukucha, ukiwa katika eneo linalopita ndani ya sili, utakula sili mpya ndani ya siku chache na kuvujisha mafuta. Mkwaruzo huohuo ukiwa juu, katikati ya krauni mbili, ni wa kuombea punguzo tu. Tazama hasa upande wa nyuma wa mabomba, ambako matope yanayorushwa na tairi hukaa. Rangi ikiwa imekwisha na chuma cheupe kinaonekana kwa umbo la yai, bushi za ndani zimekuwa zikisugua kavu. Achana nayo, kwa sababu bomba jipya pamoja na krauni yake linaweza kuzidi bei ya foki nzima.

Sasa shika breki ya mbele, weka vidole vya mkono mmoja pale bomba linapoingia kwenye sili, na sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mchezo pale kwenye sili, bushi zimelegea. Mchezo ukiwa juu kwenye kichwa cha fremu, ni beringi za usukani, jambo la kukaza tu. Watu wengi wamekataa foki nzuri kwa kuchanganya haya mawili, na wengine wamenunua mbovu kwa kosa hilohilo.

Bonyeza foki mara ishirini kwa nguvu halafu angalia mabomba. Utando mwembamba wa mafuta ni afya. Pete nene inayoweza kufutwa kwa kidole ni sili iliyokufa. Geuza nobu ya ribaundi ifunge kabisa, bonyeza na uachie. Kisha ifungue kabisa, bonyeza tena. Kama hakuna tofauti, dampa haina mafuta au imeingia hewa. Sauti ya kuchuruzika kama maji kwenye chupa iliyojaa nusu, ikifuatana na sehemu ya mwanzo ya mwendo isiyo na ukinzani wowote, inathibitisha hewa. Hili linatibika kwa mafuta mapya, na muuzaji asiyejua hilo atakupunguzia sana.

Mwisho wa ukaguzi ni nyufa. Futa krauni kwa spiriti na upitishe tochi kwa pembe kuzunguka matundu ya mabomba na shina la usukani. Mstari mweusi unaorudi hata baada ya kufutwa ni ufa. Kagua pia nyuzi (mikato ya skrubu) za kufungia kalipa: miguu ni ya magnesi, laini, na nyuzi hung'oka kirahisi. Zinaweza kuwekewa nyuzi za chuma na fundi mwenye vifaa, lakini hesabu gharama hiyo kabla, sio baada.

Kuifungua na kuisafisha

Hii ndiyo kazi inayobadilisha foki kuliko nyingine yoyote. Unahitaji alani (kwenye BoXXer boliti za chini ni za milimita 5), nyundo ya mpira, bomba la sindano la ml 20 kutoka duka la dawa, spiriti, kitambaa kisichotoa nyuzi, sili mpya na sponji zake za milimita 35, grisi ya foki, mafuta, na chombo cha kukingia. Spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, ni bora uwe nayo.

1. Osha foki yote kwanza. Mchanga ulio nje utaingia ndani sekunde ile utakapovuta miguu.

2. Toa gurudumu na kalipa. Hesabu kliki za ribaundi kutoka ilipofungwa kabisa, andika, kisha chomoa nobu. Rudisha prilodi ya springi (kiasi inachobanwa kabla ya uzito wako) hadi sifuri. Kama foki ni ya hewa, toa hewa yote, na usiendelee mpaka uwe na uhakika imeisha.

3. Legeza boliti za chini mizunguko mitatu au minne, usizitoe. Acha alani ndani ya kichwa cha boliti na uigonge kwa nyundo ya mpira mpaka boliti izame na kulala tena kwenye mguu. Hapo ndipo shafti ya ndani imeachana na mguu. Ukitoa boliti kwanza halafu ukagonga, utaharibu nyuzi za shafti. Kwenye foki za zamani ambazo boliti inazunguka tu bila kutoka, mtu wa pili aibonyeze foki huku wewe unafungua: springi itaishika shafti. Mafundi wa bodaboda wanaijua mbinu hii vizuri.

4. Toa boliti, kinga mafuta, kisha vuta miguu taratibu kwa kuipokeza kushoto na kulia.

5. Yasome mafuta uliyoyakinga. Rangi ya chai au kahawia iliyoiva ni umri wa kawaida. Rangi ya maziwa ni maji, na maana yake baiskeli ilioshwa kwa mashine ya presha iliyoelekezwa kwenye sili. Kijivu kinachometameta ni chuma au rangi ya mabomba iliyosagwa. Kusipotoka kitu, foki imekuwa ikiendeshwa kavu, na mabomba yanahitaji ukaguzi wa pili.

6. Ng'oa sili kwa kishikio cha kutolea tairi au bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa, ukiegemea upande mnene wa mguu. Usiegemee ukingo mwembamba, magnesi hupasuka. Futa ndani kwa kitambaa kilichozungushiwa kijiti, na umulike bushi. Utando wa kijivu ukiwa kamili, bushi ni nzima. Rangi ya shaba ikitokeza eneo kubwa, zinahitaji kubadilishwa na fundi mwenye kifaa chake. Si kazi ya nyundo ya nyumbani.

7. Loweka sponji mpya kwenye mafuta, ziweke, kisha sukuma sili mpya ziingie kwa usawa mpaka zikae kabisa. Kipande cha bomba la maji la plastiki chenye kipenyo kinacholingana kinafanya kazi hiyo vizuri. Paka grisi kidogo kwenye midomo ya ndani. Kidogo, maana grisi nyingi hujikusanya na kukamata vumbi.

8. Fungua kofia ya juu upande wa kushoto, toa springi, ifute, ipake grisi upya na uirudishe. Kama ilikuwa inagonga ukuta wa bomba na kupiga kelele, ivalishe mpira mwembamba wa kusinyaa kwa joto.

9. Ingiza mabomba kwenye miguu hadi nusu, ukiangalia midomo ya sili isijikunje. Geuza foki, na kwa bomba la sindano weka mafuta ya kulainisha kupitia matundu ya boliti. Fuata kiasi kilichoandikwa kwa toleo lako. Kwa miguu ya aina hii kwa kawaida ni kati ya ml 10 na 20 kila upande. Kuzidisha hakusaidii: hewa iliyomo mguuni hubanwa zaidi na foki inakataa kumaliza mwendo.

10. Sukuma mpaka shafti zionekane kwenye matundu, weka boliti na washa mpya za kuponda (pete laini za kuziba mafuta), kaza kwa takribani Nm 7, rudisha nobu na kliki zako.

Kuhusu mafuta: mguuni yanalainisha, ndani ya dampa yanatawala kasi. Kazi mbili, mafuta mawili. Mguuni unaweza kutumia mafuta mazito kiasi. RockShox yenyewe iliwahi kuelekeza 0W-30 kwa kazi hiyo. Lakini kumimina 20W-50 ya injini ndani ya dampa ni kuiua. Kwa nyuzi joto 40 mafuta hayo hupita cSt 150 (cSt ni kipimo cha unato wa mafuta), wakati mafuta mengi ya foki ya 5wt (namba ya uzito kwenye chupa) yako karibu na cSt 15 hadi 27. Mafuta ya foki ya pikipiki yanafaa kwenye dampa ikiwa cSt yake inalingana na ile ya asili. Mafuta ya breki, kamwe.

Kuifunga kwenye fremu

Sehemu hii hupitwa haraka, na ndiyo inayozalisha foki zinazokwama. Mabomba yote mawili lazima yachomoze kiasi kilekile juu ya krauni ya juu. Pima kwa rula, tofauti isizidi milimita 1. Kaza boliti za krauni kwa kupokezana na kwa kiasi kilichoandikwa juu yake. Krauni ya chini ikikazwa kupita kiasi inalibana bomba, umbo la duara linapotea, na dampa au pistoni inayopita humo inaanza kukwaruza.

Kisha weka gurudumu, ila kabla ya kukaza kibanio cha mwisho cha ekseli, bonyeza foki mara tano au sita. Mguu ulio huru utajitafutia mahali pake kwenye ekseli. Ndipo ukaze. Ukikaza kabla, miguu inavutwa kuelekeana na bushi zinasuguana upande mmoja. Hakuna mafuta yatakayoficha hilo.

Jaribio la lazima: toa springi au hewa yote, bonyeza foki hadi mwisho kabisa, na upime nafasi kati ya tairi na krauni ya chini. Acha angalau milimita 6. Gurudumu likigusa krauni katika kutua, linasimama papo hapo, na wewe hausimami. Geuza pia usukani kushoto na kulia kuhakikisha vizuizi vya mpira vinagonga fremu kabla ya bomba lenyewe.

Ukumbuke vilevile kwamba kuinua mbele ya baiskeli kwa milimita 20 hulegeza pembe ya kichwa kwa takribani nyuzi 1. Kama foki mpya ni ndefu kuliko ya zamani na usukani unatangatanga kwenye kona, unaweza kuteremsha krauni kwenye mabomba kwa milimita 5, upime tena nafasi ya tairi.

Segi na springi

Funga kebo tai kwa ulegevu kwenye bomba, juu tu ya sili. Vaa kila unachovaa ukiteremka: helmeti, pedi, begi la maji. Mtu ashike baiskeli kutoka mbele. Simama kwenye pedali, viwiko nje, kifua juu ya usukani, kama unavyosimama mteremkoni. Kipimo cha kukaa kwenye kiti hakina maana kwa foki hii.

Chukua vipimo viwili. Cha kwanza: bonyeza foki chini kidogo na uiache ipande yenyewe mpaka isimame, mtu asome. Cha pili: inua uzito mikononi, kisha urudi taratibu mpaka isimame, asome. Wastani wa viwili ndio segi yako. Tofauti kati yao ni msuguano wenyewe, ukiwa mbele yako kwa milimita. Kwa foki ya milimita 200 iliyosafishwa vizuri, tofauti ya chini ya 10 inakubalika. Ikizidi 15, rudi nyuma: sili, mafuta, au ekseli iliyokazwa vibaya. Kuendelea na nobu hapo ni kupoteza Jumamosi.

Lenga segi ya asilimia 25, yaani milimita 50. Anayeteremka njia zenye mwinuko mkali sana anaweza kushuka hadi 40 ili pua isizame. Mwepesi anayetaka mshiko kwenye mizizi anaweza kufika 60.

Tuseme prilodi iko sifuri na umepata 68. Hesabu ni rahisi: 68 gawanya kwa 50 ni 1.36, basi unahitaji springi ngumu zaidi kwa takribani asilimia 36. Wengi hapa huzungusha prilodi badala yake, na inafaa tuone kwa nini haitoshi. Kupunguza segi kutoka 68 hadi 50 kwa prilodi kunataka kuibana springi milimita 18, ambazo nobu nyingi hazina. Hata kama ingekuwa nazo, foki ikifika mwisho wa mwendo springi imebanwa 218 badala ya 200: nguvu imeongezeka kwa asilimia 9 tu. Springi ngumu ingekupa asilimia 36. Kwa hiyo foki ya prilodi nyingi inakaa juu ukiwa umesimama, inakuwa ngumu kwenye mawe madogo, na bado inagonga mwisho kwenye kutua. Prilodi ni ya kusawazisha milimita 5 au 6 za mwisho. Springi nyingine hugharimu sehemu ndogo ya bei ya foki, na kwa bei nafuu hakuna pesa inayotumika vizuri kuliko hiyo.

Kwa foki ya hewa, tumia pampu ndogo ya shokapu yenye geji, siyo kompresa ya kituo cha mafuta. Chumba ni kidogo na presha inapanda kwa kufumba jicho. Ukiwa na segi sahihi lakini inagonga mwisho mara kwa mara, ongeza kipande kimoja cha plastiki cha kupunguza chumba, ujaribu, ndipo uongeze kingine.

Ribaundi, kisha kompresheni

Anzia katikati ya kliki zote. Simama kando ya baiskeli, bonyeza usukani kwa uzito wako wote na uachie ghafla huku viganja vikiufuata. Gurudumu likiruka kutoka ardhini, ribaundi ni ya kasi mno. Foki ikipanda kama inayoamka usingizini, ni ya polepole mno. Hapo umefika karibu, lakini uamuzi ni wa njiani.

Chagua kipande cha njia cha sekunde 30 chenye mizizi au mawe mfululizo na kona moja. Teremka mara mbili bila kubadilisha kitu. Kisha badilisha kliki mbili, upande mmoja tu, uteremke tena. Andika. Ribaundi ya polepole kupita kiasi ina dalili ya kuhadaa: jiwe la kwanza linapita laini, la pili gumu kidogo, la tano linagonga kama ukuta. Foki haipati muda wa kurudi, inazama hatua kwa hatua hadi haina mwendo uliobaki. Mtu huhisi ugumu, akafungua kompresheni, akazidisha kuzama. Ribaundi ya kasi mno nayo hurusha gurudumu la mbele kutoka kwenye mstari wake, na usukani unapigapiga viganjani hata kwenye mawe madogo.

Kama una nobu ya kompresheni, iache wazi kabisa mpaka springi na ribaundi vitulie. Baada ya hapo ongeza kliki moja moja kwa ajili ya tatizo moja: pua inayozama ukishika breki au ukiingia kona. Ukianza kuhisi kokoto ndogo mikononi, rudi moja.

Kebo tai inakuambia yaliyobaki. Kwa mteremko mzima, foki inatakiwa kufika mwisho mara moja au mbili, mahali pabaya kuliko pote. Isipofika hata siku moja, umelipia milimita usizotumia.

Nobu zikiisha, mafuta yanaanza

Foki ya bei nafuu imewekewa mafuta kwa mtu wa uzito wa kati. Mtu mwepesi hufungua ribaundi yote na bado foki inarudi taratibu. Huyo anahitaji mafuta mepesi ndani ya dampa. Mtu mzito hufunga yote na bado inaruka. Huyo anahitaji mazito. Usiamini namba ya wt peke yake, kwani 5wt ya kampuni moja inaweza kuwa nzito kuliko ya nyingine. Soma cSt kwa nyuzi 40 kwenye karatasi ya bidhaa. Ukichanganya nusu kwa nusu mafuta mawili ya kampuni moja na aina moja, unapata ya katikati hivi. Kumbuka mafuta hubadilisha ribaundi na kompresheni kwa pamoja, hivyo songa hatua ndogo.

Foki ambazo mafuta yanaogelea wazi ndani ya bomba, kama zile 888 za zamani, zina nafasi nyingine: kimo cha mafuta. Toa springi, bonyeza foki hadi mwisho, ingiza rula na upime kutoka ukingo wa bomba hadi uso wa mafuta. Hewa iliyobaki juu ya mafuta ni springi ya pili inayoamka mwishoni mwa mwendo. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 32 hupanda milimita 10 kwa kila ml 8 unazoongeza. Ikigonga mwisho, ongeza ml 5, jaribu, ongeza tena ikibidi. Ikikataa kumaliza mwendo, nyonya ml 5 kwa bomba la sindano. Usifanye hivi kwenye foki yenye dampa iliyofungwa; humo kiasi ni kile cha kitabu chake.

Foki ikigonga juu kwa sauti ya chuma kila gurudumu linapoachana na ardhi, ribaundi inaenda kasi mno au mpira wa juu wa ndani umechoka. Ikivuja upande mmoja tu muda mfupi baada ya sili mpya, mkwaruzo uko bombani: tafuta kwa ukucha, lainisha ncha zake kwa msasa wa 2000 uliolowa mafuta, sugua kwa kuzunguka bomba na si kwa urefu. Na foki iliyokuwa nzuri asubuhi ikawa legevu mchana, mafuta ya dampa yamechoka na yanapungua uzito kwa joto.

Baada ya hapo kalenda ni fupi. Futa sili kila baada ya kuendesha. Mafuta ya miguu na sponji, kila saa 50 za mteremko. Kwenye vumbi jekundu la kiangazi au tope la masika, punguza hadi 25. Dampa, mara moja kwa mwaka. Kila ukifungua, linganisha rangi ya mafuta na ya safari iliyopita. Weka matone mawili kwenye karatasi nyeupe, andika tarehe pembeni, na uibandike ukutani karibu na zana.